Kushiriki Faili la Namba Si Kukubaliana

Karibu kila mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika una faili moja dogo lisilompendeza mtu. Halina joka, halina upanga, halina ramani. Lina orodha ndefu ya majina na namba: ujumbe wa kuingia mchezoni ni namba hii, wa kutembea ni ile, wa soga ni nyingine, jina la mhusika lisizidi herufi kadhaa, kaskazini ni sifuri, nywila isiyo sahihi hurudisha kosa fulani. Faili hilo husomwa na programu mbili, ya mchezaji na ya seva. Wengi hulifungua, huongeza mstari mmoja, hulifunga, na kurudi kwenye kazi wanayoiona ya maana.

Nadhani makosa mengi ya gharama kubwa huanzia hapo, na si kwa sababu faili ni gumu. Linadanganya. Likiwa ndani ya hazina moja ya msimbo, likisomwa na programu zote mbili siku moja, humfanya mtengenezaji aamini kwamba pande hizo zitaelewana daima. Zinaelewana siku ya kukompailiwa tu, yaani siku msimbo unapogeuzwa kuwa programu. Seva itabadilishwa usiku wa leo. Programu iliyo kwenye kompyuta ya mchezaji ilijengwa wiki kadhaa nyuma, na kuna mwingine ambaye hajafungua mchezo tangu mwaka jana. Wote watagonga mlango uleule, kila mmoja akiwa na nakala yake ya namba zilizokuwa sahihi siku yake.

Tuangalie kwanza kinachosafiri. Jina halisafiri. Katika World of Warcraft toleo la 3.3.5a, la mwaka 2010, seva hufungua mazungumzo kwa ujumbe unaojulikana kama SMSG_AUTH_CHALLENGE, na programu ya mchezaji hujibu kwa CMSG_AUTH_SESSION. Majina hayo yamewekwa kwa ajili ya binadamu: C mwanzoni maana yake ujumbe unatoka kwa mchezaji, S unatoka kwa seva, na MSG_ peke yake hutumika pande zote mbili. Kwenye waya hupita 0x1EC na 0x1ED (0x huashiria hesabu ya msingi wa kumi na sita), yaani 492 na 493. Anayepokea hana namna ya kujua kwamba mtumaji alimaanisha kitu kingine. Anayo namba na baiti zinazoifuata, basi.

Sasa chukua familia ya kutembea katika toleo hilohilo. Kuanza kwenda mbele ni 0xB5, kuanza kurudi nyuma ni 0xB6, kusimama ni 0xB7. Tuseme mtu ana orodha inayojihesabu yenyewe, ile ambayo kila jina hupata namba ya jina lililotangulia ukijumlisha moja, naye anachomeka ujumbe mpya juu ya hizo tatu kwa sababu kimaudhui ndipo panapofaa. Msimbo unakompailiwa bila onyo. Majaribio yanapita, kwa kuwa majaribio hutumia programu mbili zilizojengwa pamoja. Kisha mchezaji mwenye programu ya zamani anaingia. Akirudi nyuma, seva inaona anakwenda mbele. Akisimama, seva inaona anarudi nyuma. Na kwa kuwa jumbe hizo zote hubeba umbo moja la data (mahali alipo, muda, uelekeo), hakuna urefu wa pakiti (furushi la baiti linalobeba ujumbe) utakaopishana na kuibua kosa. Hakuna kinachoanguka. Kuna mhusika anayetembea kama mlevi, na malalamiko ambayo timu itayapachika kwenye mtandao kuwa mzito.

Hitilafu za namna hii naziogopa kuliko zile zinazoangusha seva. Seva ikianguka inaacha alama: saa, mstari, kumbukumbu. Namba iliyosogea haiachi chochote, maana kila upande ukichunguzwa peke yake uko sahihi kabisa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na sioni sababu ya kuibishania, ni kwamba kila namba iandikwe wazi mbele ya jina lake, na namba iliyokwisha kutoka kwenda kwa wachezaji isisogezwe wala isipewe kazi nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Ujumbe ukiondolewa, mstari wake ubaki umeandikwa kwamba umestaafu. Protocol Buffers, mfumo ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2008, umeliweka jambo hili kwenye lugha yenyewe: ukifuta sehemu ya ujumbe unaweza kutangaza namba yake kuwa imehifadhiwa, na kompaila itamkatalia yeyote atakayejaribu kuitumia tena. Tulihitaji mashine itukataze kwa sababu sisi wenyewe tunapenda mno kupanga orodha zivutie macho.

Hata hivyo namba haina maana bila mwelekeo. Tibia, mchezo wa Kijerumani ulioanza mwaka 1997, ni mfano mzuri. Katika itifaki yake, yaani kanuni zake za mawasiliano, ile iliyokuja kutumiwa na seva huria, 0x64 kutoka kwa mchezaji ni ombi la kutembea njia iliyopangwa tayari. 0x64 kutoka kwa seva ni ramani nzima inayomzunguka mhusika. Namba moja, kazi mbili zisizohusiana. Si kosa, ni matumizi mazuri ya nafasi, kwa sababu kila upande una hesabu yake. Lakini ukiziweka zote katika orodha moja isiyotaja nani anamtumia nani, umemtegea mtego atakayekuja baada yako.

Tibia pia inaonyesha uamuzi ambao watu hufanya bila kujua kwamba wanaufanya. Kutembea kaskazini ni 0x65, mashariki 0x66, kusini 0x67, magharibi 0x68: uelekeo umo ndani ya namba ya ujumbe. Ultima Online, iliyotoka Septemba 1997, ilichagua vingine. Kuna ujumbe mmoja wa kutembea, 0x02, na uelekeo umo kwenye baiti inayofuata: sifuri hadi saba kwa pande nane, na biti ya 0x80 ikiongezwa kama mhusika anakimbia. Njia ya Tibia inaokoa baiti moja kila hatua. Njia ya Ultima inaokoa namba. Mwaka 1997, watu wakiwa kwenye modemu, baiti moja haikuwa kitu cha kudharau, lakini kilichokuja kuadimika katika Ultima ni zile namba.

Hapa inafaa tukae kidogo. Ultima Online iliupa utambulisho wa ujumbe baiti moja. Baiti moja ni thamani 256, basi. Mchezo ukiwa mchanga, 256 huonekana kama bahari. Kisha huja biashara kati ya wachezaji, vyama, ramani mpya, menyu mpya, na bahari inageuka kidimbwi. Suluhisho lilikuwa 0xBF, ujumbe wa taarifa za jumla, ambao ndani yake hubeba namba nyingine ya baiti mbili inayosema hasa ni ujumbe gani. Amri ya kubadili ramani hupitia humo, menyu ya kubofya mhusika hupitia humo. Kwa maneno mengine, walijenga itifaki ya pili ndani ya ya kwanza. Wapo wanaoicheka. Mimi naiona kuwa moja ya hatua za busara katika historia ya michezo hii, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kubadili upana wa namba kwa kila mtu siku moja, na hilo katika mchezo ulio hai ni kuuvunja.

Kinachonisumbua katika Ultima ni kitu kingine. Baadhi ya pakiti zake hutaja urefu wake zenyewe, na nyingine zina urefu usiobadilika ambao haumo ndani ya pakiti. Umo kwenye jedwali ambalo kila upande unapaswa kuwa nalo. Jedwali hilo nalo ni namba za pamoja, na ni hatari kuliko orodha ya majina. Ukipokea namba usiyoijua, hujui baiti ngapi uziruke ili ufikie ujumbe unaofuata. Mkondo wote umeharibika, huna la kufanya ila kukata mawasiliano. Urefu ukiwa kichwani mwa kila pakiti, kama ilivyo katika World of Warcraft, programu inaweza kuona namba ngeni, ikairuka, ikaendelea. Gharama ni baiti mbili hivi kwa kila ujumbe. Mtu anayejenga mchezo leo akizibania baiti hizo mbili, anajinyima uwezo wa kuongeza ujumbe mpya bila kuwalazimisha wote wasasishe siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa nimetaja kichwa cha World of Warcraft: katika 3.3.5a, urefu wa pakiti huandikwa kwa kuanza na baiti yenye uzito mkubwa, ilhali namba ya ujumbe, iliyo jirani yake kabisa, huanza na ile yenye uzito mdogo. Tena namba hiyo huchukua baiti mbili ikitoka kwa seva na nne ikitoka kwa mchezaji. Hakuna orodha ya namba itakayokuambia hayo. Unaweza kuwa na faili sahihi kwa asilimia mia na bado usiweze kusoma ujumbe hata mmoja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema faili la namba ndilo itifaki. Ni faharasa yake tu.

Tatizo hukua pale programu mbili zinapoandikwa kwa lugha mbili. Meridian 59, iliyotoka Septemba 1996 na kuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya aina hii yenye picha za pande tatu, ilitolewa kama msimbo huria mwaka 2012, kwa hiyo yeyote anaweza kuingia na kuona. Programu ya mchezaji imeandikwa kwa C. Upande wa seva, injini ni C, lakini kanuni za mchezo zimeandikwa kwa Blakod, lugha waliyoibuni wenyewe. Jumbe za mchezo zina majina yanayoanza na BP_, na zinahitajika kote kuwili. Faili la vichwa la C haliingii kwenye Blakod lilivyo, hivyo namba zinaandikwa mara mbili na anayebadilisha moja anatakiwa akumbuke nyingine. Kwa timu ndogo ya miaka ile sioni kosa. Lakini angalia jambo: faili la pamoja limekwisha kuwa mafaili mawili, na kilichobaki kuwa cha pamoja ni kumbukumbu ya binadamu.

Leo timu nyingi ziko katika hali hiyo bila kujua. Seva kwa Go au Java, programu ya mchezaji kwa C#, zana za wasimamizi kwa Python. Kila moja ina nakala yake. Dawa yake inajulikana: orodha moja isiyo ya lugha yoyote, na programu ndogo inayozalisha faili la kila lugha kutoka humo. Si kazi ya mwezi mzima. Msimbo wa mistari mia mbili unatosha kwa mchezo wa kawaida. Ila mafaili yanayozalishwa yasihaririwe kwa mkono hata siku moja, na hapo ndipo nidhamu huvunjika, kwa kawaida usiku wa kuamkia sasisho.

Wazo ninalolipenda zaidi limetoka kwa watu wasiokuwa na mamlaka juu ya namba hata kidogo. EQEmu ni mradi wa kujitolea unaoandika seva ya EverQuest, mchezo wa mwaka 1999. Programu ya mchezaji si yao. Zipo za matoleo mbalimbali, na namba za ujumbe hutofautiana kati ya toleo moja na jingine. Wakafanya hivi: ndani ya seva hutumia majina yao wenyewe yanayoanza na OP_, kisha kila toleo la programu ya mchezaji lina faili lake la mipangilio linaloeleza kwamba jina fulani kwa toleo hilo ni namba fulani. Pale umbo la data linapotofautiana, kuna msimbo wa kulitafsiri. Kanuni za mchezo hazijui kabisa ni namba gani itapita kwenye waya. Uhaba wa mamlaka uliwafundisha kutenganisha maana na namba, jambo ambalo wenye mamlaka kamili mara nyingi hawalifanyi hadi wachelewe.

Pembeni kuna mchezo wa Ragnarok Online, ambao seva zake huria huchagua toleo kwa tarehe ya programu ya mchezaji, mathalani 20130807, na tarehe hiyo ndiyo inayoamua namba zipi zitumike wakati wa kukompaili. Ni rahisi kuelewa. Lakini seva inakuwa imefungwa kwa toleo moja, na mwenye toleo jingine hana lake.

Haya yote yanategemea kitu kimoja: kwamba pande mbili ziweze kuambiana toleo kabla hazijaanza kutoelewana. Ujumbe wa kwanza kabisa, unaobeba namba ya toleo, ndio pekee usioruhusiwa kubadilika milele. Nimeona miradi inayoweka namba ya toleo katikati ya ujumbe wa kuingia, baada ya jina na nywila. Umbo la ujumbe huo likibadilika, seva haiwezi hata kusoma toleo ili imwambie mchezaji kwamba programu yake imepitwa na wakati. Mchezaji anaona "mawasiliano yamekatika" na anazima ruta yake mara tano. Toleo likae mwanzo, upana wake usibadilike, na jibu la kukataa nalo liwe na umbo la kudumu.

Walioandika TLS 1.3, itifaki ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni iliyochapishwa mwaka 2018, walikutana na sura nyingine ya tatizo hilohilo. Vifaa vingi vilivyokaa kati ya watumiaji na seva vilikuwa vimezoea kuona thamani fulani mahali pa toleo, na vilivuruga mawasiliano vilipoona ngeni. Ikabidi mahali pale pabaki na 0x0303, thamani ya TLS 1.2, na toleo halisi likahamia kwenye nyongeza. Miaka miwili baadaye RFC 8701, waraka wa kiufundi wa mtandao, ikaweka rasmi utaratibu wa kutuma makusudi thamani zisizo na maana, ili seva zizoee kuziruka badala ya kushtuka. Michezo ingefaidika na tabia hiyo. Wakati wa majaribio, seva itume mara mojamoja namba isiyokuwepo, na programu ya mchezaji ikianguka, bora ianguke mbele ya timu.

Nije kwenye hoja ambayo itanikosanisha na baadhi ya wasomaji. Kuna shule inayosema namba za ujumbe zivurugwe kila toleo ili kuwachosha wanaotengeneza roboti na seva za wizi. World of Warcraft, kuanzia Cataclysm ya mwaka 2010, ilianza kubadili namba zake toleo hadi toleo. RuneScape ilikwenda mbali zaidi: katika toleo la 317, linalojulikana sana kwa wanaojenga seva binafsi, namba ya kila ujumbe hufichwa kwa mkondo wa namba nasibu wa ISAAC, algorithimu ya Bob Jenkins ya mwaka 1996, mbegu zake, yaani thamani za kuuanzishia mkondo huo, zikibadilishanwa wakati wa kuingia. Je, inasaidia? Kidogo. Programu ya mchezaji iko mikononi mwa mchezaji, na kila siri iliyomo inaweza kuchimbuliwa na mwenye subira. Hizo seva za 317 ni ushahidi tosha. Kinachozuia udanganyifu ni seva kukataa hatua isiyowezekana, kununua kusiko na fedha, kupiga adui aliye mbali.

Hata hivyo sisemi uvurugaji ni upuuzi. Unamwongezea mshambuliaji gharama, na wakati mwingine hiyo inatosha. Ninachokataa ni kuufanya kwa mkono ndani ya faili la pamoja. Majina na namba za asili zibaki zilipo, na uvurugaji uwe hatua ya mwisho ya ujenzi, kwa jedwali linalozalishwa na kuhifadhiwa pamoja na namba ya toleo. Timu inayovuruga chanzo chenyewe hujinyima uwezo wa kusoma kumbukumbu zake za miezi sita iliyopita.

Kuna vitu vingine ambavyo havina kazi ndani ya faili hili, na huingia kwa sababu mlango uko wazi. Nguvu ya upanga. Bei ya dawa. Muda wa kufufuka. Mtu anaviweka humo kwa kuwa programu ya mchezaji inahitaji kuvionyesha, na kuanzia hapo kila marekebisho ya mizani ya mchezo yanadai sasisho kwa wachezaji wote. Hizo ni data. Zitumwe na seva. Kikomo cha urefu wa jina kinaruhusiwa kukaa, ili kisanduku cha kuandikia kimzuie mchezaji mapema, mradi seva nayo ipime upya. Pakiti yenye jina la herufi elfu tatu haitatoka kwenye kisanduku chako.

Kisha kuna upana wa sehemu, ambao hauandikwi kwenye orodha yoyote lakini ni mgumu kubadilika kuliko namba zote. Katika RuneScape rundo moja la sarafu haliwezi kuzidi 2,147,483,647, kiwango cha juu cha namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi. World of Warcraft, inayohesabu fedha kwa shaba, elfu kumi kwa kila dhahabu, kwa miaka mingi ilikomea kwenye dhahabu 214,748 na ushei, ambayo ni namba ileile ikiwa imegawanywa kwa elfu kumi. Hakuna mbunifu aliyekaa akaamua huo ndio utajiri wa kutosha. Uliamuliwa na aliyechagua baiti nne.

Ningeombwa kusimamia faili kama hili kesho, jambo la kwanza ningelifanya ni kurekodi pakiti halisi za kila toleo lililoko mikononi mwa wachezaji, baiti kwa baiti, na kuzihifadhi karibu na orodha. Kila badiliko la namba lingejaribiwa kwa kuzisomesha seva mpya baiti hizo za zamani, badala ya programu iliyojengwa dakika tano zilizopita. Yeyote anayetaka kugusa orodha angehitaji idhini ya watu wawili: mmoja wa upande wa seva, na mmoja anayejua ni matoleo gani bado yanaingia mchezoni. Huyo wa pili, katika timu nyingi, hajateuliwa.